Jinsi ya Kucheza Raundi Yako ya Kwanza Old Course, St Andrews

Mcheza gofu wa Nairobi, Arusha au Kampala akipeleka mfuko wake St Andrews, mji wa Uskoti wenye uwanja wa gofu wa Old Course, hufika na mazoea mawili ya kumponza. Amezoea mpira unaokwenda mbali, maana huku nyanda za juu hewa ni nyepesi. Amezoea pia mpira unaotua na kutulia, maana nyasi ya kikuyu huukamata. Uskoti yote mawili hayapo. Uwanja uko usawa wa bahari, hewa ni nzito na ya baridi, ardhi ni ngumu, na nyasi ni fupi na nyembamba kiasi kwamba mpira ukitua ndiyo kwanza unaanza safari. Kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye jambo hilo: Old Course huchezwa chini, ardhini, kuliko hewani.

1. Jua uwanja ni wa nani

Linksi ni ule ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuko na mashamba. Wakulima hawakuutaka kwa sababu haushiki maji, ukaachiwa kondoo na sungura, kisha watu wakaanza kupigia mipira humo. Mwaka 1457 bunge la Mfalme James II wa Uskoti lilipiga marufuku gofu kwa kuwa vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde, na katazo hilo ndilo andiko la kale kuliko yote linaloutaja mchezo huu. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia sahihi hati ya kuthibitisha haki ya watu wa mji kuchezea ardhi hiyo.

Haki hiyo inakuhusu wewe mgeni. Lile jengo la mawe lililo nyuma ya tii ya kwanza (mahali pa kuanzia shimo) ni la klabu ya watu binafsi, lakini uwanja si wao. Ni wa umma, na unaendeshwa na St Andrews Links Trust pamoja na viwanja vingine sita. Huhitaji kujuana na mwanachama yeyote. Unahitaji nafasi, na kuipata ndiyo kazi.

2. Pata nafasi ya kucheza

Milango ni minne, na si sawa.

Wa kwanza ni kuomba mapema, karibu mwaka mzima kabla, dirisha la maombi linapofunguliwa kwenye tovuti ya Links Trust. Wanaoomba ni wengi mno, ila kujaribu hakuna hasara. Wa pili ni kununua kifurushi kwa wakala aliyeidhinishwa: utauziwa muda wa kucheza pamoja na hoteli na pengine viwanja vingine. Huo una uhakika, na uhakika huo utaulipia.

Wa tatu ni kura ya kila siku, na kwa maoni yangu ndio unaomfaa msafiri wa kwetu. Mnajiandikisha kuanzia wachezaji wawili hadi wanne, kabla ya saa nane mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza. Ukitaka kucheza Alhamisi, jina liwe limeingia Jumanne kabla ya saa nane. Matokeo hutoka jioni hiyo hiyo. Ukikosa, kesho yake unajaza tena. Kwa hiyo usipange kulala mji huu usiku mmoja. Panga siku nne au tano katikati ya juma, uingie kwenye kura kila siku, na siku ambazo hukubahatika ucheze New Course, uliofunguliwa mwaka 1895 licha ya jina lake, au Jubilee. Vyote viwili ni linksi za kweli, vipo jirani kabisa, na bei yake ni nafuu zaidi.

Wa nne ni wa mtu aliyekuja peke yake. Zamani wapweke walikuwa wanapanga foleni usiku kucha nje ya ofisi ya mwanzishaji, anayeita makundi kuanza. Tangu mwaka 2024 foleni hiyo imeondolewa na kuna kura yao ya kila siku: unajiandikisha siku moja kabla, ukiwa pale pale mjini, na ukibahatika unaunganishwa na kundi lenye pengo. Kwa anayesafiri bila wenzake hii si njia mbaya hata kidogo.

Mambo ya kuangalia kabla ya kukata tiketi ya ndege:

- Jumapili uwanja haufunguliwi kwa gofu, isipokuwa kwenye mashindano machache makubwa.
- Vuli huwa kuna mashindano ya Dunhill Links, na mwaka 2027 The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, yanarudi hapa. Nyakati hizo wageni hukaa pembeni, na hoteli hupandisha bei.
- Ada ya majira ya joto inapita pauni 300 kwa raundi moja. Miezi ya baridi hushuka sana, lakini utatakiwa kupiga mpira wa fewei (njia kuu ya nyasi fupi ya kila shimo) ukiwa juu ya kimkeka ili nyasi ipone. Kusafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda kupiga mpira juu ya mkeka sikushauri. Aprili, au Oktoba baada ya Dunhill Links, ni maafikiano mazuri.
- Beba cheti cha handikapu (kiwango chako rasmi cha uchezaji). Mfumo wa handikapu wa dunia ulianza mwaka 2020, hivyo cha kutoka klabu yako ya Kenya, Uganda au Tanzania kinaeleweka kule. Kichapishe kwenye karatasi, na jina lifanane na la pasipoti.
- Viza ya Uingereza iombe mapema. Ukipata nafasi ya kucheza ukakosa viza, hakuna wa kumlaumu.

3. Fanya mazoezi nyumbani, ila si yale ya kila siku

Acha draiva (fimbo ya kupigia mbali) kabatini kwa muda. Fanyia kazi mikwaju mitatu.

Wa kwanza ni mpira wa chini unaopenya upepo: mpira uweke nyuma kidogo ya katikati ya miguu, fimbo shika chini zaidi kwenye mpini, piga nusu mkwaju, malizia mikono ikiwa chini. Wa pili ni kutumia puta (fimbo ya kuviringisha mpira) ukiwa nje ya grini (eneo la nyasi fupi sana lenye kitundu na bendera), mita 20, 30, hata 40. Klabuni watakucheka. Waache wacheke. Wa tatu ni kutoka kwenye banka (shimo la mchanga) kwa ubavu au kwa kurudi nyuma, bila aibu.

Ukiweza, shuka pwani. Vipingo Ridge kule Kilifi na Nyali pale Mombasa si linksi, ila viko karibu na usawa wa bahari na vina upepo. Kusi ikivuma katikati ya mwaka utajifunza kwa haraka kwamba ayani (fimbo ya chuma) namba 7 ya Nairobi si ayani namba 7 ya kila mahali. Andika umbali halisi wa kila fimbo ukiwa pwani, kisha ukifika Uskoti kwenye baridi ongeza fimbo moja nyingine. Mtu wa Dar es Salaam ana nafuu hapa: hesabu zake ni za usawa wa bahari tayari, kilichobaki ni baridi na ugumu wa ardhi.

4. Safari na mavazi

St Andrews haina stesheni ya treni. Ukishatua Edinburgh panda treni hadi Leuchars, mwendo wa kama saa moja, kisha basi au teksi ya dakika chache. Ukifika mjini kila kitu unakifikia kwa miguu.

Vaa kwa tabaka: fulana, sweta jembamba, koti la mvua lisilopiga kelele unapozungusha mikono, na kofia ya sufu hata kama ni Julai. Glavu mbili za mvua zitakusaidia kuliko mwavuli, maana kwa upepo wa pale mwavuli utageuka nje ndani kabla hujafika shimo la tatu. Viatu visivyopitisha maji. Vigari vya kupanda havipo, isipokuwa kwa mwenye sababu ya kiafya, kwa hiyo jiandae kutembea.

5. Jumapili, nenda ukatembee

Ushauri huu wengi huupuuza, na mimi ningeuweka wa kwanza kama ningeweza. Siku ambayo gofu haichezwi, uwanja huwa bustani ya mji. Watu huja na mbwa na watoto na kukatiza popote. Nenda na wewe. Zunguka kuanzia shimo la 1 hadi la 18, kisha rudi ukianzia la 18 hadi la 1.

Kurudi huko kuna sababu. Zamani uwanja huu ulikuwa unachezwa kwa kuzunguka upande ule mwingine, na baadhi ya mabanka yaliwekwa kwa ajili ya mchezaji anayetoka huko. Shimo la 12 ndilo mfano mzuri: ukisimama kwenye tii unaona fewei safi inayokukaribisha, kumbe katikati yake kuna mabanka yaliyokupa mgongo. Ukipita kinyume unayaona yote. Uwanja mzima una mabanka 112 na si rahisi kuyakariri, ila unaweza kukariri yale ya shimo la 12, Strath la 11, Hell la 14 na Road la 17.

Angalia pia grini. Mashimo manne tu ndiyo yenye grini yake peke yake: la 1, la 9, la 17 na la 18. Mengine yanachangia mawili mawili, na namba zake ukizijumlisha daima ni 18: la 2 na la 16, la 5 na la 13, la 8 na la 10. Baadhi ya grini hizo zinazidi mita za mraba 3,000. Ukitua upande usio wako, unaweza kujikuta una mkwaju wa puta wa urefu wa uwanja wa mpira wa miguu.

6. Chukua kedi, mbeba mfuko anayeujua uwanja

Kama kuna mahali pa kubana matumizi, si hapa. Mchezaji mgeni pale haoni pa kulenga: mbele yake kuna vichaka vya miba vyenye maua ya njano, matuta, na anga. Kedi atakuambia ulenge kwenye mnara fulani wa kanisa au kwenye ukingo wa kichaka fulani, na wewe piga huko bila kubishana. Mwambie ukweli kuhusu umbali wako tangu mwanzo. Ukimdanganya kwamba draiva yako inafika mita 240, atakuongoza moja kwa moja hadi kwenye banka lililo mita 210.

7. Raundi yenyewe

Kanuni moja kwanza: ukiwa na shaka, kushoto. Uwanja unakwenda hadi mwisho wa rasi na kurudi, na hatari kubwa, vichaka, ukuta na mipaka ya nje, ziko kuliani wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kushoto kwako mara nyingi kuna fewei ya shimo jingine. Kama kuna watu huko piga ukelele wa "Fore!" kuwaonya, kisha ucheze mpira wako kwa amani.

*Shimo la 1.* Fewei hii imeungana na ya shimo la 18 na upana wake unazidi mita 100. Hakuna fewei pana kuliko hii, na bado watu huikosa, kwa sababu nyuma yao wamesimama watalii na simu mkononi. Chukua fimbo unayoiamini kuliko zote, si ndefu kuliko zote. Mkwaju wa pili ndio wenye kazi: kijito cha Swilcan kinapita mbele kabisa ya grini. Ongeza fimbo moja, upige hadi nyuma. Huu ni kati ya mikwaju michache ambayo lazima iruke.

*La 2 hadi la 7.* Endelea kushoto, ukiruhusu mpira utambae. Bendera zako ni nyeupe wakati wa kwenda, na nyekundu wakati wa kurudi, isipokuwa la 18 ambalo nalo ni nyeupe. Usije ukapiga kwenye bendera ya mwenzako. Shimo la 5 ni la pari 5, yaani mikwaju inayotarajiwa ni mitano, na ni mojawapo ya mawili tu uwanjani. Ya pari 3 nayo ni mawili, la 8 na la 11. Mengine yote ni pari 4, kwa hiyo usihesabu sana nafasi za kupumzika.

*La 8 hadi la 10.* Hapa ndipo pa kuokoa mikwaju. Mashimo ni mafupi, ardhi ni tambarare. Kabla ya hapo, njia ya shimo la 7 inakatana na ya shimo la 11, hivyo simama, tazama kulia na kushoto kama unavuka barabara, subiri wenzako wamalize.

*La 11.* Ni la pari 3, grini ipo juu, nyuma yake mlango wa mto Eden, mbele kulia Strath, kushoto banka la Hill. Mwaka 1921 Bobby Jones, kijana wa miaka 19, aliingia Hill, akashindwa kuvumilia, akaiacha raundi yake hapo hapo. Alirudi mwaka 1927 akashinda The Open kwenye uwanja huu, na mwaka 1958 mji ukampa uraia wa heshima. Kwako wewe ushauri ni mfupi: usipite juu ya shimo. Grini inateremka kuja mbele, na puta ya kuteremka yenye upepo nyuma haina breki. Kubaki mbele ya grini, katikati ya mabanka mawili, kisha kupandisha kwa puta, ni bogi (mkwaju mmoja zaidi ya pari) salama na wakati mwingine pari.

*Upepo.* Ukiwa umekupiga usoni wakati wa kwenda usijifariji kwamba utakusukuma wakati wa kurudi. Wenyeji husema hugeuka maji yanapobadilika, bamvua au maji mafu. Tupa majani hewani upya kila tii.

*La 14.* Ni pari 5, ukuta wa mpaka kulia, mabanka ya Beardies kushoto, na kati yake uwanja mzuri uitwao Elysian Fields. Mbele linakungoja Hell, banka lenye kina cha mita kama tatu. Jack Nicklaus, aliyekuwa ameshashinda The Open mara mbili hapa, mwaka 1995 aliingia humo akatoka shimo hilo na mikwaju 10. Mkwaju wa pili upeleke kushoto, hadi kwenye fewei ya shimo la 5, ulizunguke. Ukiingia, kuta za mabanka haya zimejengwa kwa mabamba ya nyasi yaliyopangwa juu juu kama matofali, zimesimama wima. Toka kwa kurudi nyuma. Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda hapa kwa mikwaju minane zaidi ya waliomfuata, na katika raundi zote nne hakuingia banka hata moja. Alipiga vizuri, naam, lakini pia alijua pa kutopeleka mpira.

*La 17.* Watu huja kwa ajili ya hili. Ni pari 4 ya mita 450 kwenye tii za mashindano. Unaanza kwa kupiga mpira juu ya mabanda ya kijani yenye jina la hoteli, bila kuona unakotua. Kedi atakupa herufi ya kulenga. Ukiona moyo unakataa, piga kushoto ya mabanda na ukubali shimo limekuwa refu zaidi.

Grini ni nyembamba na imelala kimshazari. Mbele yake kushoto kuna banka la Road, dogo na lenye kina, ambalo ardhi yote inayolizunguka inateremkia ndani yake. Nyuma kuna barabara ya lami na ukuta wa mawe, na mpira ukitua barabarani unachezwa hapo hapo. Mwaka 1978 Tommy Nakajima alifika kwenye grini kwa mikwaju miwili, akapiga puta, mpira ukateleza ukaingia bankani. Alitoka na mikwaju 9. Mwaka 2022 Cameron Smith, akiwa anaongoza siku ya mwisho, alijikuta banka hilo liko kati yake na bendera. Hakuchukua weji, fimbo ya kuurusha mpira juu. Alichukua puta, akauzungusha mpira pembeni mwa banka hadi juu, akaokoa pari, akabeba kombe.

Kwa hiyo cheza hivi: mkwaju wa pili uishie mbele kulia ya grini, wa tatu uwe puta ya kupandisha. Tano hapa ni alama ya heshima.

*La 18.* Daraja la Swilcan lipo njiani. Piga picha haraka, kundi lililo nyuma linakutazama, na raundi inatakiwa imalizike chini ya saa nne. Lenga saa ya ukutani kwenye lile jengo la mawe. Angalia barabara inayokatiza fewei, maana watu na magari hupita. Kulia ni mpaka, na magari yaliyoegeshwa. Mbele ya grini kuna bonde dogo liitwalo Valley of Sin linalourudisha kila mpira ulioishiwa nguvu. Ukijikuta humo, puta tena: Costantino Rocca alitumbukiza mpira kutoka bondeni humo mwaka 1995 akalazimisha mchuano wa ziada na John Daly, ingawa Daly ndiye aliyeshinda.

Vueni kofia, peaneni mikono, mlipe kedi kwa pesa taslimu pamoja na bakshishi. Kisha tazama saa. Kama saa nane haijafika, na keshokutwa bado mtakuwepo mjini, jazeni kura tena.